Kukaa Ghorofani Raha, Lakini Ufunguo wa Geti Anao Nani?

Wiki hii naomba tupande ngazi wote. Usiniulize habari za lifti. Lifti ya jengo letu nimeikuta imekufa, na kwenye mlango wake kuna tangazo la mganga anayerudisha wapenzi waliopotea. Kwa hiyo ni ngazi, mguu kwa mguu, na ukiwa na ndoo ya maji kichwani ndiyo utajua kidato cha nne hawakutufundisha yote.

Mimi nakaa Kariakoo, ghorofa ya tano, kwa dada yangu na shemeji. Kabla ya hapo nilikuwa Mbagala, chumba cha chini, mlango unafungua unakutana na kuku wa watu. Sasa hebu fikiria kijana kama mimi nahamia ghorofani. Bwana wee! Nikiulizwa unakaa wapi, najibu "ghorofani" kabla sijataja mtaa. Upepo wa bure, mbu wachache, jioni unaegemea roshani unawatazama watu wa chini kama sisimizi. Nilikuwa naona nimeyapatia maisha, bab kubwa.

Jengo letu lina vidato vya kutosha. Chini kabisa ni maduka. Ghorofa ya kwanza na ya pili ni stoo za wafanyabiashara, magodoro ya sponji, midoli ya plastiki na marobota ya mitumba. Kuanzia ya tatu mpaka ya sita ndiyo tunakaa binadamu, familia kumi na mbili. Juu ya paa yamekaa masimtanki kama wazee barazani.

Na geti zipo. Tena si moja. Lipo la chini barabarani, lipo la katikati kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, halafu kila fleti ina mlango wake wa nondo. Mlango wa paa nao una kufuli tangu pampu ya maji ilipoibiwa. Mimi nilikuwa nikiyatazama hayo mageti najisikia salama kama pesa benki. Mwizi apitie wapi?

Swali la pili sikulifikiria. Mwizi apitie wapi sawa, na mimi je?

Daku la saa tisa

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 2025, mwezi Machi. Saa tisa usiku, nyumba nzima iko macho. Dada anapasha wali, shemeji anatafuta miwani, mimi naanza kujitahidi kufungua jicho la pili. Mara taa zikafifia, zikawaka, zikafifia, zikazimika. Tukasema ndiyo kawaida yao. Dada akawasha tochi ya simu.

Halafu ikaja harufu. Si ya chakula kilichoungua. Ilikuwa harufu ya plastiki, ile ya kukaba koo.

Nikafungua mlango wa ngazini. Jamani! Moshi ulikuwa unapanda ngazi kama mtu mwenye haraka zake. Chini kabisa, chini ya ngazi, ndiko kulikopangwa mita zote za umeme za jengo, na waya zake zimesukwa kama nywele za mwanafunzi aliyesukwa na mdogo wake. Pale ndipo palipokuwa panawaka.

Watu wakatoka. Mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na televisheni (sitamtaja, anajijua), mwingine na sufuria la uji lililokuwa bado moto. Tukashuka kwa pamoja, tunakohoa, macho yanatoka machozi. Tukafika geti la katikati, kati ya ya tatu na ya pili. Kufuli.

"Mlinzi! Mlinziii!"

Mlinzi hayupo. Kumbe mlinzi naye ni binadamu, amefunga, ameenda mtaa wa pili kula daku kwa mama ntilie. Na ufunguo uko mfukoni mwake. Ufunguo mmoja, mfuko mmoja, watu zaidi ya arobaini.

Nikwambie kitu ambacho mpaka leo kinaniumiza. Pale getini kulikuwa na simu si chini ya ishirini. Kila mtu alikuwa anapiga. Wote tulikuwa tunampigia mlinzi! Ndiyo maana namba yake ilikuwa inasema inatumika. Hakuna hata mmoja aliyepiga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ambayo ni bure. Na kituo cha zimamoto kiko pale barabara ya Morogoro, mpaka eneo lenyewe na kituo cha basi watu tunapaita Faya. Nikisimama roshani kwetu, upande ule napaona. Tulikuwa tunapaona, hatukupaita.

Waliotuokoa ni vijana wa mikokoteni. Wale wanaolala juu ya mikokoteni yao pale nje, ambao baadhi yetu tukiwapita asubuhi salamu inakuwa nzito. Walisikia kelele, wakalivunja kufuli la geti la chini kwa kipande cha nondo, wakachota mchanga kwenye kiwanja cha jirani kinachojengwa, wakaumwaga kwenye mita. Fundi umeme mmoja aliyekuwa anapita kwenda daku akakata umeme kutoka nje. Halafu wakapanda, wakalivunja na la katikati. Mwaka huo hakuna aliyekufa. Watoto wawili walilazwa siku moja kwa sababu ya moshi, wakarudi.

Moto wenyewe ulikuwa mdogo, haukufika hata kwenye magodoro ya ghorofa ya kwanza. Ungefika huko nisingekuwa naandika hapa. Sponji ya magodoro ikiungua inatoa hewa ya sumu ambayo mtu akiivuta mara chache tu analegea, na kabla ya moto kumfikia ameshalala. Kwenye moto wa majengo, moshi ndio unaoua watu wengi kuliko miali yenyewe.

Bibi hakushuka

Sasa sikiliza kioja. Ghorofa ya sita anakaa bibi mmoja, mtu mzima sana, magoti yameshamkataa. Sisi wote tunamwita Bibi wa Juu. Usiku ule nilipokuwa nakimbia kushuka nilimsikia anauliza kwa sauti, "Wajukuu, mnakwenda wapi?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu "chini!" nikaendelea.

Tulipotulia nikapanda mbio, roho mkononi. Nikabisha. Bibi akafungua. Chumba chake kilikuwa kisafi kuliko mapafu yangu. Alikuwa amefunga mlango, amelowesha kanga mbili amezisukuma chini ya mlango kuziba upenyo, amefungua dirisha la barabarani na kukaa pale anavuta hewa na tasbihi mkononi.

"Shikamoo Bibi. Hukuogopa?"

"Marahaba. Nimeogopa sana mjukuu wangu. Lakini moshi uko ngazini, nami sina miguu. Nitaufuata wa nini?"

Nilikaa chini. Sisi wenye miguu tumeukimbilia moshi, tumesongamana kwenye geti lililofungwa tunaukohoa. Yeye asiye na miguu amekaa ndani anavuta upepo wa bahari. Hivi nani alikuwa na akili usiku ule?

Nikataka kuandika hapa kwamba basi, moto ukitokea, kaa ndani kama Bibi. Ningekudanganya msomaji. Mjomba wangu ni fundi mwashi wa miaka mingi, amejenga mpaka Upanga na Mikocheni, na nilipomsimulia alitikisa kichwa. "Inategemea nyumba," akasema. Akanikumbusha ule moto wa London.

Huo tuliuona kwenye televisheni. Jengo la Grenfell Tower, ghorofa 24, usiku wa tarehe 14 Juni 2017. Moto ulianzia kwenye friji jikoni, ghorofa ya nne, kabla ya saa saba usiku. Kawaida moto kama huo ungeishia jikoni. Lakini jengo lilikuwa limekarabatiwa, likavalishwa nje mabati ya urembo yenye plastiki katikati, na plastiki hiyo ikashika moto ukapanda ukutani kwa nje mpaka juu. Wakazi walikuwa wameambiwa siku zote kwamba moto ukitokea kwa jirani, wewe kaa ndani kwako, utazimwa. Na usiku ule wakaambiwa hivyo hivyo kwenye simu. Agizo la kutoka lilikuja saa nane na dakika 47 usiku, karibu saa mbili baada ya moto kuanza. Ngazi ilikuwa moja tu. Walikufa watu 72. Mwaka 2024 uchunguzi uliofanywa na jaji ukatoa ripoti ya mwisho na kusema vifo vyote vile vingeweza kuzuilika.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wakazi wa pale walikuwa wamelalamika kabla. Walisema, wakaandika, wakaonekana wasumbufu.

Mjomba akanieleza hivi. Ushauri wa kukaa ndani ni mzuri kwa nyumba iliyojengwa ili moto ubaki chumba kimoja, yaani kuta nzima, milango mizito inayojifunga, ngazi iliyotengwa na mlango wake ili moshi usiingie. Nyumba ya namna hiyo unaweza kukaa ndani ukasubiri. Lakini nyumba ambayo ngazi yake iko wazi toka chini mpaka paa, hiyo ngazi ni bomba la moshi. Moto ukiwa chini, wote wa juu mko ndani ya bomba.

"Ya kwenu ikoje?" akaniuliza.

Ngazi yetu iko wazi toka chini mpaka paa.

Kwa nyumba kama yetu, Mjomba anasema, siri ni kuwahi. Ukisikia harufu na ngazi bado ni nyeupe, toka hapo hapo, achana na televisheni, funga mlango nyuma yako ili moto usipate njia, na lifti kama unayo usiiguse. Ukifungua ukakuta ngazi imejaa moshi, rudi ndani, fanya kama Bibi, piga 114, taja mtaa na ghorofa, kaa dirishani uonekane. Kupiga mbizi kwenye moshi mweusi kwa kutegemea geti la chini liko wazi ndiyo kamari tuliyoicheza sisi.

Dirishani! Hapo nikacheka kwa uchungu. Madirisha yetu yote yana nondo zilizochomelewa. Ghorofa ya tano, mwizi gani anaruka mpaka huko, buibui? Mjomba anasema dirisha moja kila fleti lingewekewa nondo za bawaba zenye komeo la ndani. Yeye mwenyewe amewachomea watu wengi nondo za madirisha, hakuna aliyewahi kumwomba bawaba.

Tangi la tani tano

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa kero. Nimekuwa natembea jengo zima natazama vitu. Dada anasema nimepata ugonjwa.

Nimetazama paa kwanza. Maji ya bomba yakiwa ya mgawo, kila familia inaongeza simtanki lake. Nikayahesabu, nikakuta tisa. Lita moja ya maji ni kilo moja, hiyo hata darasa la saba wanajua. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Yaani ni kama tembo amekaa juu ya dari ya Bibi, na tembo wenyewe ni wawili, wengine ni ndama ndama wa lita elfu moja na elfu mbili. Nani alimuuliza mhandisi kama paa linabeba? Nimeuliza fleti zote. Kila mtu anasema yeye alikuta wenzake wameshaweka.

Halafu kuna duka moja pale chini lililopanua mlango. Mjomba alipokuja kututembelea Idi ile hakula hata biriani kwanza, alienda kulitazama. Alirudi kimya. Nikamuuliza. Akasema ukuta waliouvunja ulikuwa wa kujaza tu, nguzo hawakuigusa, tushukuru. "Lakini mwanangu, aliyevunja hakujua. Alibahatisha."

Na sisi watu wa Dar hatuhitaji kusimuliwa mambo ya kubahatisha. Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, mtaa wa Indira Gandhi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa lilishuka lote chini. Watu 36 walikufa, wakiwemo watoto waliokuwa wanacheza jirani yake. Mimi nilikuwa bado naitwa mtoto, lakini nakumbuka redio ilivyokuwa inasikilizwa nyumbani siku ile.

Halafu likaja la kwetu kabisa. Jumamosi tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, hapa hapa Kariakoo, jengo la ghorofa nne lenye maduka likaporomoka na watu ndani. Chini yake kulikuwa na kazi ya kuchimba na kupanua. Siku kadhaa watu walikuwa bado chini ya kifusi wanaongea, waokoaji wanawapitishia maji na hewa kwenye matundu. Zaidi ya watu 20 walikufa. Rais Samia akaagiza majengo ya Kariakoo yakaguliwe yote, Waziri Mkuu wa wakati huo Kassim Majaliwa akapewa kazi ya kusimamia. Mimi nilikuwa roshani natazama vumbi. Usiku ule hakuna aliyelala kwenye jengo letu, kila lori likipita tunashikana mikono.

Jirani zetu wa Nairobi nao, mtaa wa Huruma, Aprili 2016, ghorofa sita za kupanga zililala chini usiku wa mvua kubwa, zikaua watu wapatao 50. Mtoto mchanga wa kike alitolewa hai siku ya nne. Jengo lile lilishawekwa kwenye orodha ya majengo yasiyofaa kukaliwa na watu, na watu walikuwa ndani wanalipa kodi.

Kiwanja cha jirani yetu, kile cha mchanga uliotuokoa, nacho kinachimbwa. Na jikoni kwa dada kuna ufa. Ulikuwepo zamani, mwembamba kama unywele, lakini sasa niliuona kwa jicho lingine. Mjomba akanifundisha dawa ya wasiwasi. Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoishia, andika tarehe. Kata mstari mdogo wa kupita juu ya ufa, pima upana. Rudi baada ya wiki mbili. Ufa wa plasta, mwembamba, uliotulia mahali pake, huo ni uzee. Ufa unaokwenda mshazari toka kona ya dirisha au mlango, unaopanuka, unaopita kwenye nguzo au boriti, au milango inayoanza kukwama yenyewe, huo usisubiri wiki mbili. Toka ndani, halafu ndiyo utafute mhandisi aliyesajiliwa.

Wa kwetu mpaka sasa haujasogea. Nimeweka alama saba. Shemeji anasema ukuta umekuwa kama daftari la mahudhurio.

Kikao cha paa

Sasa kuna jambo ambalo wapangaji wenzangu mnalijua, mkilisoma mtatabasamu. Ukimuuliza dalali wakati wa kupanga, "hili jengo ni salama?" anakwambia "vigae vipya hivyo kaka, vione". Sisi tulilipa kodi ya miezi sita na udalali wa mwezi mmoja, tukaulizana habari za vigae, rangi na maji kama yanatoka. Hatukuuliza ngazi ya pili iko wapi. Haipo. Hatukuuliza mtungi wa kuzimia moto. Upo mmoja, ghorofa ya tatu, umefungiwa na mnyororo, na sindano ya kipimo chake imelala kwenye nyekundu kama mlevi. Sindano inatakiwa iwe kwenye kijani.

Ipo sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo wenye fleti walionunua wanakuwa na chama chao cha kusimamia jengo lao. Nzuri. Lakini sisi hatujanunua, tumepanga. Mwenye jengo letu ni mmoja, simtaji, na kodi yetu imebaki miezi minne. Yeye hatumjui sura. Tunamjua msimamizi wake, anakuja kila mwanzo wa mwezi na begi.

Baada ya Idi tukaitisha kikao paani, katikati ya masimtanki. Kasheshe! Nusu saa ya kwanza tulikuwa tunagombana nani anatupa taka usiku. Halafu mama mmoja wa ghorofa ya tatu, ambaye mtoto wake alilazwa, akasimama akasema maneno machache tu. Akasema yeye alipokuwa ameshikilia lile geti aliahidi kwamba akitoka salama atahama. Ametoka, ametafuta nyumba, hela haitoshi, amebaki. Kwa hiyo anaomba ufunguo. Basi.

Kimya kikaingia.

Msimamizi akasema ufunguo ukiwa kwa kila mtu, wezi watapata. Hoja ya kweli hiyo, sikatai, tumeibiwa kweli. Mjomba alikuwa ameniambia dawa yake. Kitasa ambacho kwa nje kinataka ufunguo, kwa ndani unasukuma tu kinafunguka, hata mtoto anakiweza. Nikakitaja. Msimamizi akaniangalia kama nimetaja ndege ya kukodi. Akasema tukikitaka tuchange. Na akaongeza, kwa sauti ya upole sana, kwamba wapo watu wengi wanazitaka fleti hizi.

Hilo tulilielewa. Ndiyo hapo wapangaji wengi tunaponywea. Ukidai usalama wako unaambiwa mlango uko wazi, na usiku geti limefungwa.

Lakini kikao hakikuvunjika. Bibi wa Juu, ambaye vijana walimpandisha paani akiwa kwenye kiti cha plastiki, akamwuliza msimamizi, "Baba, wewe unalala wapi?" Akajibu Kinondoni. "Chini au juu?" Akajibu chini. Bibi akasema, "Haya," na akanyamaza, na watu wote wakanyamaza naye, na msimamizi akaanza kufunga begi lake. Kesho yake akatupigia simu kwamba nakala za funguo tunaruhusiwa.

Tukaenda kwa fundi funguo wa Msimbazi. Kila ghorofa ufunguo wa geti la chini, wa katikati na wa paa, umetundikwa kwenye msumari ndani ya mlango wa fleti moja iliyochaguliwa, na jirani zake wanajua. Mitungi mitatu ya kuzimia moto tumechanga, ya unga, ile inayofaa hata moto wa umeme, maana maji kwenye umeme ni kujiita kaburini. Namba 114 imeandikwa kwa rangi nyekundu kila kidato. Tangazo la mganga tumeliacha, mlinzi anasema limemsaidia mtu. Kitasa cha kusukuma bado. Masimtanki bado tisa, kila mtu anataka la mwenzake ndilo litoke.

Na mitungi ya gesi ya kupikia. Hiyo nayo kila jiko lina wake. Ile gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini inatandaa sakafuni, kwa hiyo ukisikia harufu yake usiwashe taa wala kuzima, funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka. Nimewaambia majirani mpaka watoto wameniita Bwana Gesi.

Jumapili iliyopita tukafanya jaribio. Wazo la Bibi mwenyewe. Alisema funguo ni za wenye miguu, yeye anataka kujua atashuka kwa dakika ngapi. Tukamketisha kwenye kile kiti cha plastiki, mimi nyuma, jirani mbele, mtoto wa ghorofa ya nne anashika saa. Ghorofa ya sita mpaka ya tatu, dakika nne. Tunahema lakini tunakwenda. Geti la katikati likafunguka vizuri.

Ghorofa ya pili tukakwama. Kwenye ngazi, pale pale kwenye kona, kulikuwa na marobota manne ya mitumba yaliyoshushwa asubuhi, yanasubiri mwenye stoo aje na ufunguo wake. Kiti hakipiti. Tukamweka Bibi chini, tukayavuta marobota mmoja mmoja, moja lina uzito wa mtu mzima. Mpaka tunafika barabarani mtoto akasoma saa: dakika kumi na nne.

Bibi alikaa pale kando ya barabara, akawasalimia vijana wa mikokoteni, akanunua karanga. Alikuwa hajashuka tangu kabla ya ule moto. Akakaa mpaka alasiri, hakuna aliyethubutu kumwambia turudi juu.

Tulipombeba tena kupanda, pale kwenye kona ya ghorofa ya pili marobota yalikuwa sita.